Saa ya Bomu Katika Riwaya ya Kijasusi

Kuna chumba ambacho kila msomaji wa riwaya za kijasusi amekwisha kuingia. Hakina dirisha. Mna meza ya chuma, viti viwili, na taa inayoning'inia juu ya kichwa cha mtu aliyefungwa pingu. Mtu huyo anajua bomu limetegwa wapi. Jasusi wetu anajua kwamba anajua, na sisi tunaosoma tuna hakika kuliko wote wawili, kwa sababu kurasa arobaini nyuma tulimwona mtu huyohuyo akifunga buti la gari, akajifuta mikono kwa kitambaa na kuondoka bila kugeuka. Zimebaki dakika ishirini na mbili. Jasusi anavua koti, analitundika polepole kwenye kiti, anakunja mikono ya shati. Sura inakatika hapo.

Sura inayofuata jibu limeshapatikana. Timu iko mbioni, waya unakatwa sekunde ya mwisho, na jiji zima linaamka kesho yake bila kujua lilivyoponea chupuchupu. Yaliyofanyika chumbani tunayakisia tu, na kwa furaha tuliyo nayo hatuulizi sana.

Nimezisoma riwaya za namna hii kwa miaka mingi, nyingine mara mbili mbili, na sioni haya kusema nazipenda. Wahakiki wetu wa fasihi walizitia kwenye kapu la riwaya pendwa, baadhi yao wakaongeza neno chapwa, kisha wakapita zao. Naona walikosea kupita. Ripoti ya tume ya uchunguzi husomwa na wachache wenye kazi nayo, ilhali riwaya inasomwa na mlinzi wa zamu ya usiku, na abiria wa safari ndefu, na mwanafunzi aliyejifunika shuka na tochi yake. Mtu wa kawaida ukimuuliza njama ya ugaidi huzuiwaje, jibu atakalokupa limetoka kwenye hadithi. Kitabu chenye nguvu kiasi hicho kinastahili kuulizwa maswali magumu. Langu ni hili: riwaya ya kuzuia ugaidi inatusaidia kuiona hatari ilivyo, au inatuzoesha uongo ambao siku moja utamgharimu mtu asiye na hatia?

Watetezi wake wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1994 Tom Clancy alichapisha Debt of Honor, riwaya inayofikia kilele pale rubani mwenye kisasi anapoishusha ndege aina ya Boeing 747 juu ya jengo la Bunge la Marekani. Miaka saba baadaye ikaja 11 Septemba 2001. Mei 2002 Condoleezza Rice, wakati huo mshauri wa usalama wa taifa wa Rais, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hadhani kama kuna mtu angeweza kutabiri kuwa ndege ingetumiwa kama kombora. Kumbe mtu alikwisha kuliwaza, tena katika kitabu kilichokuwa kikiuzwa madukani. Richard Clarke, aliyesimamia masuala ya kupambana na ugaidi katika Ikulu ya Marekani, aliieleza tume iliyochunguza mashambulizi ya siku ile kwamba kule kufahamu kwake uwezekano wa jambo hilo kulitokana zaidi na riwaya za Clancy kuliko na maonyo ya idara za kijasusi. Ripoti ya tume hiyo, iliyotolewa Julai 2004, ilitaja aina nne za kasoro zilizoipa njama ile upenyo. Ya kwanza ilikuwa kushindwa kuwaza.

Hili linanigusa sana. Mchambuzi wa taarifa za kijasusi anaandika kile anachoweza kukisimamia mbele ya mkubwa wake, na kila sentensi yake lazima iwe na mahali ilipotoka. Mtunzi hana mzigo huo. Yeye anakaa usiku, anavaa viatu vya adui, anajiuliza: ningekuwa mimi, ningeanzia wapi? Nani angenizuia? Nani angelala? Ni uhuru ambao ofisi haiwezi kumpa mwajiriwa wake, na jamii inayowanyima watunzi uhuru huo inajifumba jicho moja.

Lakini uhuru huohuo uliwahi kuzaa balaa, na ni vizuri watetezi wakumbuke. Mwaka 1909 William Le Queux alitoa Spies of the Kaiser, akiwaaminisha Waingereza kwamba nchi yao imejaa majasusi wa Kijerumani waliojigeuza watu wa kawaida. Wasomaji wakaanza kumwandikia barua wakimtajia wageni waliowatilia shaka. Taharuki hiyo ya mitaani ilikuwa mojawapo ya vichocheo vya kuundwa, Oktoba mwaka huohuo, kwa ofisi ya siri ambayo baadaye iligawanyika kuwa MI5 na MI6, idara za ujasusi za Uingereza. Mtandao mkubwa wa majasusi uliosimuliwa vitabuni haukuwapo. Kalamu moja ilimfanya mtu amwone adui kwa jirani aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi. Kwa hiyo uwezo wa kuwaza, peke yake, hautoshi kuitetea riwaya. Inategemea unawaza nini, na kuhusu nani.

Hapo ndipo naanza kuachana na vitabu ninavyovipenda, na jambo la kwanza ni namna vinavyoiona ofisi. Karibu kila riwaya ya aina hii ina bosi anayeng'ang'ania taratibu, mwanasheria anayedai hati ya upekuzi, na waziri anayewaza uchaguzi. Jasusi wetu anavumilia hadi sura ya saba, halafu anarusha kitambulisho mezani na kwenda kuifanya kazi kivyake. Tunamshangilia, maana kila mtu amewahi kuwa na bosi.

Tuangalie yaliyotokea kweli. Januari 2000 CIA ilifuatilia mkutano wa watu wa al-Qaeda mjini Kuala Lumpur. Wawili kati yao, Khalid al-Mihdhar na Nawaf al-Hazmi, waliingia Marekani mwezi huohuo wakaenda kuishi San Diego. Al-Hazmi aliandikwa kwa jina lake mwenyewe kwenye kitabu cha simu cha mji huo. Majina yao hayakuingizwa kwenye orodha ya watu wa kuangaliwa mipakani hadi mwishoni mwa Agosti 2001, majuma machache kabla hawajapanda ndege iliyogongeshwa Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Tafuta hapo shujaa aliyefungwa mikono na taratibu, humpati. Kilichokosekana ni karatasi kutoka meza moja ikafika meza nyingine, na mtu wa meza ya pili akajua la kufanya nayo.

Tarehe 7 Agosti 1998 ina habari ya namna hiyohiyo. Ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na ule wa Dar es Salaam ulilipuliwa kwa kupishana dakika chache, na watu 224 wakafa, 213 kati yao Nairobi. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1997, wapelelezi walipekua nyumba moja mjini Nairobi na kuondoka na kompyuta iliyokuwa na barua za watu wa mtandao uleule. Balozi Prudence Bushnell aliandika Washington zaidi ya mara moja akilalamika kwamba jengo lake liko ukingoni mwa barabara yenye pilikapilika na haliko salama. Habari zilikuwapo. Maonyo yalikuwapo. Asubuhi ile lilitangulia guruneti, na watu wa majengo ya jirani wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Mlipuko mkubwa ukawakuta hapohapo kwenye vioo. Wengi walipoteza macho kwa njia hiyo, na siwezi kusoma tena sura yoyote inayoanza na mtu kusogea dirishani bila kuwakumbuka.

Mtetezi atanijibu: basi nani atasoma kurasa mia nne za faili lililolala kwenye droo? Riwaya inahitaji mtu, inahitaji mbio. Nusu ya jibu hilo naikubali. Ila nusu ya pili inamdharau msomaji, na inamdharau mtunzi pia. Taharuki haizaliwi na mbio. Inazaliwa pale msomaji anapojua jambo ambalo mhusika halijui. Nipe faili hilo. Nioneshe nani ameliweka pale, ana homa au ana haraka ya kwenda likizo. Nioneshe mkono wa mwenzake ukilisogeza pembeni ili kupata nafasi ya kikombe cha chai. Halafu nipeleke uwanja wa ndege nimwone mtu aliyetajwa ndani ya faili akipanga foleni na kugongewa mhuri. Nitashika kitabu kwa mikono miwili. Hakuna ngumi iliyorushwa bado.

Sasa turudi kwenye kile chumba kisicho na dirisha, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Kisa cha bomu linalohesabu dakika na mfungwa anayejua lilipo kinazungumzwa madarasani na mabungeni kana kwamba kilitoka kwenye kumbukumbu za polisi. Wanaofuatilia historia yake wanakitafuta kwingine: kwenye Les Centurions, riwaya ya Jean Lartéguy, mwanahabari aliyewahi kuwa mwanajeshi, iliyotoka Ufaransa mwaka 1960 wakati vita vya Algeria vikiendelea. Humo wanajeshi wa Ufaransa wanamtesa mtu anayejua mabomu yalikotegwa kabla hayajalipuka. Kitabu kiliuzwa sana. Wakati huo jeshi lenyewe lilikuwa limekwisha kutesa watu kwa wingi mjini Algiers, wakiwamo wengi ambao hawakujua bomu lolote. Riwaya ikalipa tendo hilo sura ya kupendeza: dakika chache, mtu mmoja mwenye hatia, jibu moja la kweli.

Baada ya 2001 kisa hicho kilirudi kwa kasi, safari hii zaidi kwenye televisheni. Jack Bauer, jasusi wa tamthilia ya 24, alikuwa akipata majibu kwa njia hiyo juma baada ya juma. Novemba 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo katika chuo cha kijeshi cha West Point, alisafiri kwenda kuwaona watayarishaji wa tamthilia hiyo na kuwasihi wabadilishe mtindo, kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa wanashindwa kuelewa kwa nini wao wafuate sheria. Juni 2007, kwenye mkutano wa wanasheria mjini Ottawa, Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliuliza kama kuna jopo la mahakama ambalo lingemtia hatiani Jack Bauer. Jaji wa ngazi ile alikuwa akijenga hoja ya kisheria juu ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Upande wa pili una la kusema, na si la kupuuzwa. Hadithi ni hadithi, wanasema. Msomaji mzima anajua tofauti. Zaidi ya hapo, swali lenyewe ni la kweli. Kama ungekuwa na mtu mmoja mbele yako na maelfu upande wa pili wa ukuta, ungefanya nini? Riwaya inampa msomaji nafasi ya kupima dhamiri yake bila mtu kuumia. Hii ni kazi ya zamani ya fasihi, tangu ngano za wazee: kumweka mtu njia panda na kumtazama anavyochagua.

Ningeikubali hoja hii yote kama riwaya ingemweka jasusi njia panda kweli. Haimweki. Angalia inavyompangia. Mfungwa ana hatia kwa yakini, tulimwona. Anajua jibu kwa yakini. Atasema kweli akiumizwa, na hatasema akitendewa utu. Muda unatosha kwa mateso ila hautoshi kwa jambo jingine lolote. Mtunzi amefunga milango mitano kwa ufunguo, kisha anatuambia tushangae kwa nini mhusika ametokea mlango wa sita. Katika chumba cha kweli hakuna hata mlango mmoja kati ya hiyo uliofungwa. Anayehoji hajui kama aliyekaa mbele yake ndiye. Hajui kama kuna bomu. Akipewa jibu, hana namna ya kujua kama ni kweli, kwa sababu mtu anayeumia husema lolote litakalosimamisha maumivu.

Ushahidi wa hili umelipiwa kwa damu. Ibn al-Shaykh al-Libi alikamatwa mwishoni mwa 2001 na kupelekwa Misri. Huko, chini ya mateso, alisema Iraki imewafundisha watu wa al-Qaeda matumizi ya silaha za kemikali na za kibayolojia. Maneno hayo yakasafiri hadi kwenye hotuba ya Colin Powell mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, 5 Februari 2003, majuma machache kabla ya vita vya Iraki. Mwaka 2004 al-Libi aliyakana. Kwenye riwaya, uongo wa mfungwa unagharimu dakika kumi za kukimbilia jengo lisilo lenyewe. Huu ulisaidia kuihalalisha vita.

Desemba 2014 Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani ilitoa muhtasari wa uchunguzi wake juu ya mpango wa CIA wa kuwashikilia na kuwahoji watuhumiwa. Ilihesabu watu 119 walioshikiliwa, na angalau 26 kati yao hawakustahili kushikiliwa hata kwa vigezo vya mpango wenyewe. Ilihitimisha kwamba mbinu zile za ukatili hazikuwa njia ya kufaa ya kupata taarifa sahihi. CIA ilipinga sehemu ya hitimisho hilo ikisema mpango ulileta taarifa zilizookoa maisha, na mabishano hayo hayajafa. Mimi nimesimama na kamati. Lakini hata anayesimama na CIA anabaki na wale 26, na nimejaribu kukumbuka riwaya ya kijasusi inayomfuata mmoja wao hadi nyumbani kwake baada ya kuachiwa, siipati kichwani.

Kuna mfungwa mwingine ambaye kisa chake kinapingana na chumba kile, naye ni Ahmed Ressam, Mualgeria aliyekamatwa Desemba 1999 akiwa na vilipuzi alivyokusudia kwenda kuvitumia kwenye uwanja wa ndege wa Los Angeles. Alipotiwa hatiani mwaka 2001 na kukabiliwa na kifungo kirefu, alianza kuzungumza kwa makubaliano ya kupunguziwa adhabu. Hakuna aliyemgusa. Alieleza kuhusu kambi za mafunzo, watu, na mipango, kwa kiasi kwamba maelezo yake yalifika hadi kwenye taarifa ya siri aliyopewa Rais Bush 6 Agosti 2001. Sitaki kumpamba: miaka michache baadaye alichoka, akaacha kushirikiana, na kesi nyingine zikadhoofika kwa sababu hiyo. Mazungumzo nayo yana mwisho. Ila yalitoa taarifa nyingi, na ziliweza kupimwa moja baada ya nyingine na watu waliokuwa na muda wa kuzipima.

Lipo suala jingine ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili hulihisi kabla hawajalitaja, la sura ya adui. Katika riwaya nyingi zilizoandikwa baada ya 2001, mwandishi akitaka kutuambia hatari imekaribia, anatusikilizisha adhana. Mtu anatawadha, anatandika mswala, anasali, halafu anachukua begi. Sasa fikiria msomaji ambaye adhana ndiyo iliyomwamsha alfajiri hiyohiyo, na ambaye mama yake anavuta tasbihi chumba cha pili. Anasoma ukurasa huo akiwa amekaa upande gani? Mwandishi hakumwaza kabisa. Alifikiri wasomaji wake wote wako upande mmoja wa darubini.

Mtetezi atasema waliofanya mashambulizi yale walijinasibu na Uislamu, na mtunzi asilaumiwe kwa kusema kweli. Ni haki yake kuyasema. Lakini waliouawa Nairobi na Dar es Salaam walikuwamo Waislamu, na waliowatafuta wauaji walikuwamo Waislamu, na hao riwaya inawapa nafasi ya mtoa habari anayeuawa sura ya tatu. Kusali ni jambo la mamilioni ya watu mara tano kwa siku. Ukilifanya alama ya njama, umemfundisha msomaji kuwaogopa watu wasiohusika, kosa lilelile la 1909.

Na neno lenyewe gaidi halijatulia kama vitabu vinavyotaka tuamini. Riwaya ya kijasusi ya Kiswahili inalijua hili kuliko nyingi. Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba aliyeingia vitabuni na Kufa na Kupona mwaka 1974, alipambana na vibaraka wa wakoloni na makaburu, upande mmoja na wapigania uhuru ambao serikali ya makaburu mjini Pretoria iliwaita magaidi. Haikuwa ndoto ya mtunzi tu. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, alifungua kifurushi cha kitabu mjini Dar es Salaam, na bomu lililofichwa ndani likamuua. Nelson Mandela naye, pamoja na chama chake cha ANC, alibaki kwenye orodha ya Marekani ya watu wenye vikwazo vya ugaidi hadi 2008, miaka tisa baada ya kumaliza urais wake.

Anayesoma hayo anaweza kuteleza akadhani basi kila kitu ni suala la upande ulioko. Hapana. Tarehe 20 Mei 1983 bomu la gari la Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, lililipuka mtaa wa Church mjini Pretoria na kuua watu 19, wakiwamo wapita njia. Nawaheshimu waliopigana na ubaguzi wa rangi, na bado siwezi kulisimulia bomu lile kama ushindi. Riwaya nzuri ingeweza kukaa hapo, kwa mtu mwenye sababu ya haki anayetega kitu kisichobagua. Hilo lingekuwa gumu kuandika, na msomaji asingelala mapema.

Kwamba inawezekana, tunajua. Joseph Conrad alichapisha The Secret Agent mwaka 1907, akianzia kwenye tukio la kweli la 1894, pale Martial Bourdin alipolipukiwa na bomu lake mwenyewe karibu na kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich. Katika riwaya hiyo njama inasukumwa na ofisa wa ubalozi anayetaka serikali ya Uingereza itishike na kutunga sheria kali, na anayelipuka ni kijana mwenye akili ya kitoto aliyebebeshwa mzigo asioujua. Jasusi si mwokozi. Nyumba yake ndiyo inayobomoka. Ni kitabu cha zaidi ya miaka mia moja, na kinaelewa mambo ambayo vitabu vingi vya leo havithubutu kuyagusa: kwamba idara ya siri inaweza kuitengeneza hatari inayodai kuizuia, na kwamba gharama humwangukia aliye dhaifu kuliko wote.

Nikimfikiria mtunzi anayetaka kuandika leo, ningempa kisa cha London, Agosti 2006. Kikundi cha vijana kilipanga kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Ndiyo sababu abiria waliwekewa kikomo cha mililita 100 kwa kila chupa ya kimiminika. Polisi waliwafuatilia muda mrefu, wakatega vinasa sauti na kamera kwenye nyumba waliyoitumia. Kila siku waliyosubiri iliongeza ushahidi, na iliongeza uwezekano wa kuchelewa. Waingereza walitaka kusubiri, Wamarekani walitaka wakamatwe, na mtu mmoja alipokamatwa Pakistani ikabidi wote wakamatwe usiku uleule. Halafu ikaja mahakama. Mwaka 2008 jopo la kwanza liliwatia watatu hatiani kwa kula njama ya kuua, lakini likashindwa kukubaliana juu ya shtaka la ndege. Hadi Septemba 2009, katika kesi ya pili, ndipo shtaka hilo liliposimama. Fikiria sura ya afisa aliyesikiliza kanda zile kwa miezi, amekaa mahakamani akisikia wananchi wenzake wakisema hawajaridhika. Hana ngumi ya kurusha. Itabidi arudi akawashawishi upya.

Narudi kwa Ressam, kwa namna alivyokamatwa. Ilikuwa jioni ya 14 Desemba 1999, katika bandari ndogo ya Port Angeles, jimbo la Washington, kivuko kikiwa kimeingia kutoka Victoria, Kanada. Gari lake lilikuwa la mwisho kushuka. Afisa wa forodha Diana Dean alimuuliza maswali ya kawaida, unakwenda wapi, unakwenda kufanya nini, akaona majibu yamekatikakatika na mikono ya dereva haitulii. Hakuwa na picha yake. Hakuna mtu aliyempigia simu kumwonya. Alimpa fomu ajaze, akamwambia afungue buti. Wenzake wakainua sakafu pale tairi la akiba linapokaa, wakakuta mifuko ya unga mweupe na chupa za kimiminika cha rangi ya kahawia, wakadhani ni dawa za kulevya. Ressam alichomoka akakimbia kwa miguu, wakamkamata mitaa michache mbele.

Hapo bandarini hakuna saa iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma. Saa zilikuwapo, za mkononi, aina ya Casio, zimefungwa ndani ya visanduku vinne vyeusi kwenye shimo la tairi, bado hazijaunganishwa na vilipuzi. Maofisa walivitoa kimoja kimoja wakavipanga pembeni, wakiulizana hivi ni vitu gani.